Majani Yaliyokwanguliwa Kayna

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaa chini mavumbini, nikiwa na suruali mpya niliyoshonewa na fundi wa Mususa, mtaa wa Butembo, kwa ajili ya kazi hiyo. Ilikuwa kandokando ya uwanja wa ndege wa Mavivi, upande wa kaskazini wa Beni. Aliyenikalisha pale ni mkuu wa kituo, tuliyemwita kwa Kifaransa chef d'escale, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu aliyezeeka katika kazi ya ndege. Nilidhani ananidhihaki. Nilikuwa nimetoka kufundisha hesabu katika shule iliyofungwa kwa sababu ya vita, na nilitegemea kupewa meza na kalamu.

"Unaona ile jiwe?" akaniuliza, akinionyesha jiwe jeupe hatua kumi mbele yangu.

"Minaiona, chef."

"Usiiachilie na macho. Ata kitu gani ifike, we angalia jiwe tu."

Helikopta iliyokuwa nyuma yetu ikavuta nguvu ili ipande. Upepo ukanipiga mgongoni, kisha ukarudi usoni, na dunia nzima ikawa rangi ya tofali. Sikuona jiwe, sikuona magoti yangu mwenyewe. Nikamsikia mzee akinipigia kelele sikioni.

"Jiwe iko wapi?"

Nikanyoosha kidole.

"Na we, uko wima?"

"Niko wima, chef!"

Vumbi lilipotulia, kidole changu kilikuwa kinaelekea chooni, na jiwe lilikuwa mkono wangu wa kuume. Tena nilikuwa nimeinama ubavu mpaka kiwiko kimegusa ardhi, na sikuwa na habari. Mzee hakucheka. Alinipangusa vumbi begani.

"Basi rubani naye njo vile," akasema kwa Kiswahili chetu kilichochanganyika na Kifaransa. "Mais ye hana kiwiko ya kugusa chini."

Niwaeleze vijana, maana wengi wenu mmeona helikopta kwenye simu tu. Ndege ya kawaida hukimbia uwanjani na kuliacha vumbi lake nyuma. Helikopta hupaa ikiwa palepale iliposimama. Upepo wa mapanga yake hushuka, hugonga ardhi, hurudi juu na kuizunguka yote. Ardhi ikiwa tupu na kavu, kabla hujahesabu tatu rubani yumo ndani ya gunia la unga. Vyombo anavyo mbele yake, lakini karibu na ardhi vyombo havitoshi kumwambia upesi anachohitaji kujua, kama anateleza hatua mbili kushoto au kama mkia unashuka. Hayo huyajua kwa macho, kwa kushika kitu kimoja kilichotulia: kichaka, jiwe, mtu aliyesimama. Vitu hivyo tuliviita repères, yaani alama za kushikwa kwa macho. Zikipotea, mwili huanza kudanganya. Unajisikia umekaa sawa na kumbe umelala ubavu.

Watu wengi huogopa kutua. Mimi niliogopa kupaa. Anayetua akiona vumbi linamfunika anaweza kuongeza nguvu akarudi juu, kwenye anga analoliona. Anayepaa ametoka kujaza watu na mafuta, amevuta nguvu yote ya mashine, vumbi ameliamsha yeye mwenyewe, na ardhi iko hatua moja chini yake. Huku kwetu Lubero ni milimani, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mashine huvuta nguvu zaidi na upepo huwa mkali zaidi. Nimeona marubani wazuri wakitoka jasho asubuhi ya baridi.

Kazi yangu iliitwa agent de piste, mtu wa kiwanja. Wakati ule barabara zilikuwa zimekatwa na watu wenye bunduki wa kila rangi, na shirika letu la misaada lilisafirisha dawa, chanjo na majeruhi kwa helikopta. Kabla helikopta haijaenda mahali, mimi hutangulia. Nachagua kiwanja. Nahakikisha majani yameachwa yafike kwenye kifundo cha mguu, kwa sababu mizizi ya majani ndiyo inayoshika udongo. Palipo na udongo mtupu namwagisha maji, na maji yaingie chini, si kulowanisha juu kama mtu anayepiga pasi. Napanga mbele matairi manne yaliyopakwa chokaa, ili rubani apate cha kushika kwa macho. Nafukuza mbuzi na watazamaji. Kisha nasimama mbele ya pua ya mashine, mahali ambapo rubani ananiona. Mikono nikiinua wazi, apande. Mikono nikiivukisha juu ya kichwa, asipande.

Mzee wa Mavivi alinifundisha hilo la mwisho kwa ukali kuliko yote.

"Ukivukisha mikono, ata gavana akuwe ndani, haipande. Bakikufukuza, bakufukuze. Mutu mwenye banafukuza anarudiaka kwake nyumbani, anakula bugali na batoto."

Nilikaa naye Mavivi misimu miwili ya mvua. Kisha wakanihamishia Butembo, na huko nikamkuta Kapiteni, rubani wa helikopta yetu.

Kapiteni alikuwa mzungu wa nchi za baridi, mrefu, mwenye masikio mekundu, na Kiswahili chake alikiokota kwenye viwanja. Sitaandika jina lake, maana jamaa zake wako hai na sijawaomba ruhusa. Nitasema tu kwamba alikuwa mwoga, na katika kazi ile hiyo ni sifa. Alikagua kiwanja kwa miguu kabla ya kupanda. Alichota udongo, akaufinya, akaupuliza. Kama uliruka alirudi kwangu na kusema, "Maji, Paluku." Siku moja katika kiwanja kimoja cha Mususa mafundi mbao wa jirani, kwa wema wao, walikuwa wamemwaga unga wa msumeno juu ya matope ili abiria wasichafue viatu. Sikuwaona, nilikuwa nafukuza watu upande wa pili. Alipopaa, unga huo ukafunika kila kitu. Akaokolewa na matairi yangu mawili yaliyobaki kuonekana. Aliporudi jioni hakunigombeza. Alinishika bega.

"Mimi naona wewe, mimi napanda," akasema. "Hapana ona wewe, hapana panda. Wewe na mimi, kazi moja."

Tangu siku ile nikaanza kudai jambo moja. Fomu yetu ya kiwanja ilikuwa na mahali pamoja tu pa kuandika OUI au NON, ndiyo au hapana, napo ni pa kutua. Pa kupaa hapakuwepo. Kiwanja kinaweza kuwa kizuri asubuhi kikawa kibaya mchana, na karatasi bado inasema OUI. Nikaipeleka hoja hiyo kwa mkubwa wetu wa Butembo, coordinateur wa shirika. Huyu hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto wa milima hii hii, msomi, mwenye suti ya kijivu na saa aliyoitazama kila ukianza kusema.

"Chef, hii fomu iko na fasi ya kutua, mais fasi ya kupaa haiko," nikamwambia.

"Papa Paluku, uliisha kuona ndege inatua, kiisha inashindwa kupanda?"

"Njo ile minaogopa, chef."

"Basi ukiona moja, utakuya kuniambia."

Watu wa ofisini wakacheka. Nikarudia kuomba mara nyingi baada ya hapo, kwa mdomo na kwa barua, na kila mara nikaambiwa fomu zinatoka mbali, si juu yetu kuzigusa. Hadi leo nikikumbuka kicheko kile damu yangu huchemka.

Sasa nifike Kayna, huko kusini mwa Lubero, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ripoti iliyoandikwa juu ya Kayna inasema kosa lilikuwa la rubani. Rubani hakukosa. Ninataka hilo lijulikane kabla sijafa.

Ilikuwa kiangazi. Mkurugenzi wa shirika alikuwa anakuja kutoka ng'ambo kutembelea zahanati ya Kayna, na coordinateur alitaka ziara hiyo iwe ya kukumbukwa. Alinizuia Butembo nimalize karatasi, yeye akatangulia siku tatu kabla kwa gari, akabeba na matairi yangu. Nilifika Kayna kwa pikipiki asubuhi ya siku yenyewe, jua limeshachomoza. Nikakiona kiwanja.

Hapakuwa na jani hata moja.

Anayetoka mbali hataelewa, kwa hiyo nieleze. Kwetu Wanande, watu wa milima hii, ua wa mwanamke anayejiheshimu hauna majani. Majani mlangoni ni aibu; yanasema humu ndani kuna uvivu au kuna msiba, na tena yanaleta nyoka. Mgeni akitarajiwa, jembe linatoka, ua unakwanguliwa, kisha unafagiwa mpaka mistari ya ufagio ionekane. Coordinateur alikuwa ameita salongo, kazi ya pamoja, na wamama wa Kayna, Wakatoliki na Waprotestanti bega kwa bega, wakaja na majembe. Siku mbili walikwangua kiwanja cha mpira kizima, wakakifagia kama ua wa bibi harusi. Na matairi yangu manne yalikuwa yamejazwa udongo na kupandwa maua mbele ya jukwaa la wageni.

Kilikuwa kizuri, lazima niseme ukweli. Mama Kanyere, aliyewaongoza wale wamama, alikuja kunipokea akiwa amevaa kitenge cha sikukuu, viganja vyake vimetoka malengelenge.

"Papa Paluku, unaona? Ata sindano ikianguka, utaiokota!"

"Wasingya, mama," nikamshukuru. Ningesemaje? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walifanya walivyofundishwa na mama zao. Nikaenda kumtafuta aliyefundishwa zaidi ya hapo.

Nilimkuta coordinateur akipanga viti.

"Chef, nani alisema bakwangue majani?"

"Ni miye. Kwa nini?"

"Helikopta haiwezi kupanda apa. Itaamusha mavumbi, Kapiteni hataona kitu. Nilikuandikia barua, chef. Nilikuambia ata na mudomo."

"Papa Paluku, unataka mukubwa akanyake mu majani sawa ngombe? Wamama wamefanya kazi muzuri. Kama ni mavumbi, mwaga maji."

Nikafungua daftari nikaandika NON. Aliuona mkono wangu ukiandika. Kisha nikafanya nilichoweza. Nikawaomba wamama maji, nao, waliochoka kwa siku mbili za jembe, wakashuka kijitoni na mabidoni, madumu yao ya plastiki, wakapanda, wakashuka, wakapanda, Mama Kanyere mbele yao akiimba. Udongo ukawa mweusi mahali pa kutua. Nikaufinya, haukuruka. Coordinateur akasimama nyuma ya bega langu, nikaandika chini ya ile NON neno OUI, na kwa kutua ilikuwa kweli. Saa nne Kapiteni akatua vizuri kabisa. Watu wakapiga vigelegele.

Halafu sherehe ikaanza. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba heshima hupimwa kwa urefu wa hotuba. Akasema mwakilishi wa watawala wa wakati ule, akasema mkuu wa kijiji, akasema pasta, akasema padri, akasema coordinateur, huyo mara mbili. Jua likapanda. Upepo wa kutoka bonde la ziwa ukaanza, kama unavyoanza kila adhuhuri ya kiangazi. Na kati ya hotuba na hotuba vikundi vya ngoma viliingia kucheza, tena palepale palipomwagiwa maji, kwa sababu ndipo palipokuwa mbele ya jukwaa. Miguu mia ilikanyaga ule udongo, ikaupondaponda mpaka ukawa unga. Nilikuwa naangalia kila mguu ukishuka.

Nikamwendea tena coordinateur, nikainama kando ya kiti chake.

"Chef, kiwanja imekauka. Tupate maji kabla bapande."

"Maji tena? Bakubwa bavae viatu ya ngozi bapite mu matope?"

"Basi bangoje jua ipunguke, upepo itulie."

"Mukurugenzi iko na rendez-vous, banamungoja ku Beni. Papa Paluku, usinipatishe haya mbele ya batu. Ukivukisha mikono leo, kesho usikuye ku kazi."

Aliyasema kwa sauti ya chini, akitabasamu, kwa sababu mkurugenzi alikuwa anatuangalia.

Wakapanda mkurugenzi, mgeni mwenzake, na Kahindo, nesi wa zahanati, aliyekuwa anakwenda Beni kwa mafunzo. Alikuwa mtoto wa dada yake Mama Kanyere, na kwetu mtoto wa dada yako ni wako. Alikuwa hajawahi kuruka. Mama Kanyere alimfungia shingoni skafu yake mwenyewe ya kanisani ili upepo usimharibie nywele.

Kapiteni alitaka kukagua udongo kama desturi yake, lakini wakubwa walikuwa wanawapungia watu mikono na coordinateur akamsindikiza moja kwa moja mlangoni. Akapanda kitini mwake. Mapanga yakaanza kuzunguka. Nikasimama mbele ya pua. Kupitia kioo aliniangalia na kuinua nyusi, akiniuliza. Hakuwa na haja ya maneno. Alinipa nafasi yote niliyoihitaji. Nyuma yangu nilisikia kikohozi cha coordinateur.

Nikainua mikono wazi.

Vumbi liliinuka kabla magurudumu hayajaacha ardhi. Nilijitahidi kusimama wima ili anione, nikapunga mikono yangu ndani ya giza lile jekundu kama kichaa. Nikasikia sauti ya mashine ikipanda, nikashukuru Mungu. Kisha sauti ikabadilika, ikatoka mbele yangu ikaenda kulia, chini mno, na nikajua amelala ubavu na hajui. Mapanga yakagonga ardhi. Vipande vikapita juu ya vichwa vya watu. Vumbi lilichukua muda mrefu kutulia, na kwa muda huo wote tulisikia bila kuona.

Mkurugenzi na mwenzake tuliwatoa wakiwa hai, mmoja na nyonga iliyovunjika. Kapiteni na Kahindo walikuwa wamekufa. Skafu ilikuwa bado shingoni.

Mkaguzi wa ajali za ndege alikuja wiki kadhaa baadaye, kwa sababu usalama haukuruhusu mapema. Na katika wiki hizo mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Ninyi watu wa huku mnajua majani yetu: ukiyakwangua leo na mvua ikanyesha kesho, yanarudi na hasira. Mkaguzi aliposhuka Kayna alikuta kiwanja cha kijani, majani mpaka kifundoni. Akapiga picha nyingi, kisha akanihoji ndani ya zahanati.

"Siku ile hapakuwa na majani, monsieur," nikamwambia kwa Kifaransa. "Yalikwanguliwa."

"Na nani?"

Coordinateur alikuwa amekaa pembeni yetu, mguu juu ya mguu. Nje ya mlango walikuwa wamekaa wamama wa salongo, walioitwa wasubiri kuulizwa. Nikaona kwamba nikisema "wamama," coordinateur atanyamaza na lawama itawaangukia wao.

"Kwa amri ya ofisi," nikasema.

"Kuna barua ya amri hiyo?"

"Hapana, ilikuwa ya mdomo."

"Daftari lako linamalizia na OUI."

"OUI ni ya kutua, monsieur. Ya kupaa haina mahali pa kuandikwa."

Akamgeukia coordinateur, naye akafungua mikono yake kwa masikitiko mazuri sana. Akasema ndiyo, wenyeji walikisafisha kidogo, kama ilivyo mila, lakini kama bwana mkaguzi anavyojionea, majani yapo. Mkaguzi akaangalia dirishani, akayaona. Hakuuliza ni nani aliyetoa ishara ya kupaa, nami sikumwambia. Wamama waliambiwa warudi nyumbani. Funika kombe mwanaharamu apite.

Ripoti ilisema rubani alipoteza alama za kuona wakati wa kupaa. Chanzo, kosa la kibinadamu. Binadamu yupi? Hizo alama hazikumpotea, tulimnyang'anya! Majani tuliyakwangua, matairi tukayapanda maua, maji tukayakanyaga kwa ngoma, kisha tukamwambia apande na akishindwa ni kosa lake. Asiyekuwapo na lake halipo: Kapiteni aliondoka ndani ya sanduku, na jina lake likaondoka limeandikwa hivyo. Coordinateur alipandishwa cheo na kupelekwa mji mkubwa.

Nami nilibaki kazini. Nilirudishwa Mavivi, nikafanya miaka mingi mingine, na mwishowe nikawa chef d'escale mimi mwenyewe. Vita vikabadilisha majina, wakubwa wakabadilishana viti. Siku moja alikuja mwalimu wa usalama kutufundisha, kijana mwenye picha za kurusha ukutani. Akaonyesha picha ya mabaki, nikayatambua. "Hii ni mfano ya pilote mwenye alikosa," akasema, na vijana wangu wakaandika. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele. Nilishika kingo za kiti mpaka vidole vikaniuma, nikangoja mafunzo yaishe, nikatoka nje. Fomu mpya zilipokuja zilikuwa na mahali pawili, pa kutua na pa kupaa. Hakuna aliyeniambia samahani, na sikujua ningemdai nani.

Nilistaafu nikapewa karatasi yenye muhuri na saa ya ukutani. Sasa nakaa Mususa. Najua mengi ya kuwaambia vijana wa viwanja: msiuamini udongo wa asubuhi ikifika adhuhuri, msiweke repère inayohamishika, msiruhusu ngoma kiwanjani. Nilipoanza kuandika haya nilidhani nitamalizia hapo, nikiwa nimemsafisha Kapiteni na kumtaja aliyemchafua kwa cheo chake. Lakini kabla sijamaliza nilikwenda Kayna kwa harusi ya mtoto wa rafiki, nikapita kumsalimia Mama Kanyere.

Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi nikiyaona majani ya ua wake, sikuwahi kuuliza. Sasa yalikuwa yamefika magotini, kutoka njiani mpaka mlangoni, mpaka yanaingia chini ya mlango. Mjukuu wake aliniambia nyanya amewakataza kukwangua tangu yeye hajazaliwa, na majirani wameshachoka kusema. Mama Kanyere alitoka na fimbo, akanikalisha kwenye benchi. Tulikula sombe ya majani ya muhogo. Alipomaliza kunawa mikono akaniuliza swali ambalo, alisema, ameliogopa miaka yote.

"Papa Paluku, we ulikuwaka mutu ya ile kazi. Niambie kweli. Ni siye tulimuua Kahindo?"

"Hapana, mama. Nyiye hamukujua. Mwenye aliua ni mwenye alijua."

"Nani alijua?"

"Coordinateur. Nilimuambia asubuhi ile."

"Ye peke yake?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa nimeshaandika kurasa zote hizi nikisema ndiyo.

"Na miye," nikasema. "Nilijua mbele ya batu bote. Na ni mikono yangu iliinuka. Ningeivukisha, Kapiteni hangepanda."

Akageukia ua wake.

"Ulijua. Na miaka yote hii ulikuwa unapita hapa na motokari ya kazi, unaingia, unakula kwangu, unaona haya majani yangu inapanda. Haukusema."

Nilikuwa na hasira ya kuwatosha watu wote waliotajwa humu isipokuwa yeye.

Akainuka taratibu, akaingia ndani, akatoka na jembe. Akaliweka juu ya magoti yangu, juu ya suti niliyovalia harusi.

"Kamata," akasema. "Kwangua."

Nikavua koti, nikaanzia njiani. Mjukuu alitaka kunisaidia, akamwambia kaa. Nilikwangua mpaka mlangoni, na viganja vyangu vya ofisini vikatoka malengelenge kabla sijafika nusu. Mama Kanyere alikaa kizingitini akiniangalia, na kila nilipoacha jani, alilinyooshea fimbo.